Mgeni asiyeondoka: Kunguru wa Mlandege na sheria za viumbe vamizi

UKIPITA Mlandege asubuhi na mapema, kabla maduka ya nguo na mabegi hayajafunguliwa, utakuta wenye mtaa wameshaamka zamani. Wamejipanga juu ya mapaa na kwenye nyaya za umeme, na wengine wamelizunguka jaa wakigombania utumbo wa samaki. Mama anayeanika dagaa hathubutu kuingia ndani bila kuacha mtoto wa kulinda. Anayefuga kuku anajua kuwa kifaranga kikitoka nje ya tenga kwa dakika moja tu, hesabu imepungua.

Kunguru amezoeleka mno hapa mjini hata tumemfanya mwenyeji. Lakini mtazame vizuri. Yule mwenye shingo ya kijivu, mwembamba, mwenye kelele nyingi, si ndege wa Unguja. Kunguru wa asili wa pwani hii ni yule mnene kidogo, mweusi mwenye kifua na shingo nyeupe, ambaye siku hizi si rahisi kumuona mjini. Huyu wa kijivu aliletwa kutoka India.

Na hapo ndipo kuna jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Alichokifanya aliyemleta kunguru kingefanyika leo katika nchi nyingi, kingempeleka mtu mahakamani. Na si kunguru peke yake. Konokono mfukoni mwa mtoto, mche uliofungwa kwa gazeti ndani ya sanduku, kobe au samaki wa mapambo anayemwagwa mtoni kwa sababu amechosha kufugwa, vyote vinaweza kumfikisha mtu kwenye faini au kifungo.

Aliletwa kwa nia njema

Kunguru wa India alifikishwa Unguja katika miaka ya 1890, mwanzoni mwa utawala wa Waingereza. Mji ulikuwa na taka nyingi, na wakubwa wa serikali waliona wamepata mfagizi asiyedai mshahara. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kunguru alipewa jembe siku ya kwanza.

Taka alizila, ila hakuishia kwenye taka. Alikula mayai na makinda ya ndege wengine, alivamia vifaranga, aliharibu matunda na nafaka. Kufikia mwaka 1917, serikali ile ile ya kikoloni ilikuwa imeshamhesabu kuwa mharibifu na inatafuta njia ya kumpunguza. Hata hivyo alikuwa amekwisha kujitanua. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, na baadaye akaenea Dar es Salaam na miji mingine ya pwani na hata ya bara.

Hakuna aliyeshtakiwa kwa kumleta. Wakati ule haikuwa kosa, na aliyemleta ndiye aliyekuwa akitunga sheria.

Nani mvamizi, nani mgeni tu?

Kabla ya kuingia kwenye sheria, tuliweke sawa jambo moja. Si kila kitu kilichotoka nje ni kibaya. Mkarafuu uliotujengea visiwa hivi si mti wa asili ya hapa. Uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19, na asili yake ni visiwa vya mashariki ya mbali. Muhogo tunaoula kwa samaki asili yake ni Amerika ya Kusini, na nanasi pia. Hawa ni wageni waliokaa walipowekwa.

Kiumbe vamizi ni kile kinachopelekwa mahali kisipokuwa na adui wake wa asili, kikazaliana bila kizuizi, kikaanza kuangamiza viumbe vya pale, mazao au afya za watu. Kwa lugha ya sheria, makosa yanayohusu viumbe hivi ni ya namna tatu. La kwanza ni kukiingiza nchini. La pili ni kuwa nacho: kukifuga, kukiuza, kukizalisha au kukisafirisha. La tatu, ambalo watu wengi hulifanya kwa huruma, ni kukiachia huru.

Hili la huruma lina uzito wake hapa kwetu. Mtu akichoka kufuga ndege au kobe aliyetoka nchi nyingine, huona kumfungulia ni wema na hata ni thawabu. Kwa mnyama wa kigeni, huo wema ndio kosa lenyewe. Akifa njaa, aliyemfungulia amemtesa. Akiishi na kuzaana, amewatesa wengine.

Adhabu zikoje?

Tuanze na kunguru wetu. Umoja wa Ulaya una kanuni ya mwaka 2014 kuhusu viumbe vamizi, iliyoanza kutumika Januari 2015. Mwaka 2016 ilitoka orodha ya kwanza ya viumbe 37, na kunguru wa India yumo. Maana yake ni kwamba katika nchi zote za Umoja huo ni marufuku kumwingiza, kumfuga, kumuuza, kumzalisha au kumwachia. Magugu maji, yale yanayosumbua Ziwa Victoria, nayo yamo. Kila nchi hujipangia adhabu zake. Waliokuwa wakifuga mnyama kabla hajaingizwa kwenye orodha waliruhusiwa kubaki naye hadi afe kifo chake, kwa sharti kwamba asitoroke na asizae.

Uingereza, ambako Wazanzibari wengi wana ndugu, sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inakataza kumwachia huru mnyama ambaye si wa asili ya nchi hiyo. Kosa likienda mahakama ya juu, adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 2, au faini isiyo na kikomo, au vyote viwili.

Marekani, mtu anayeingiza mnyama aliyetajwa kuwa wa hatari kwa mazingira anaweza kufungwa hadi miezi 6 na kutozwa faini ya hadi dola 5,000. New Zealand hawangoji mahakama. Abiria asiyetaja tunda au mche alionao hutozwa dola 400 za nchi hiyo palepale uwanja wa ndege. Australia tangu mwaka 2019 inaweza hata kumfutia mgeni viza na kumrudisha alikotoka kwa kuficha chakula au mimea kwenye mzigo.

Kwa majirani zetu, Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 imetenga kifungu maalumu cha viumbe vamizi, na anayeviingiza kwa makusudi katika eneo la hifadhi anakabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili. Kenya pia ina sheria ya zamani ya magugu hatari inayomtaka mwenye shamba ayang'oe. Kwa hiyo mtu anaweza kuingia hatiani kwa kukaa tu akitazama gugu linaota.

Tanzania Bara ina Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Zanzibar kilimo na mazingira si mambo ya Muungano, hivyo tuna zetu: Sheria ya Kulinda Mimea ya mwaka 1997 na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2015, ambayo usimamizi wake uko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar (ZEMA). Kwa mwananchi wa kawaida, jambo la kukumbuka ni kwamba mche, mbegu au udongo hauingizwi kisiwani kama khanga. Unahitaji kibali na kukaguliwa na watu wa karantini ya mimea, wawe bandarini Malindi au uwanja wa ndege.

Hata hivyo nchi nyingi duniani bado zimelala. Ripoti ya jukwaa la kimataifa la bioanuwai, IPBES, iliyotolewa Septemba 2023, ilisema ni asilimia 17 tu ya nchi zenye sheria au kanuni zinazohusu viumbe vamizi moja kwa moja. Ripoti hiyo hiyo ilikadiria kuwa hasara inayoletwa na viumbe hivi duniani ilizidi dola bilioni 423 kwa mwaka 2019.

Konokono wetu, mhalifu wa Florida

Tusije tukadhani sisi ni wa kupokea tu. Pwani ya Afrika Mashariki nayo imesafirisha mvamizi wake, na anaogopwa huko kuliko kunguru anavyochukiwa huku.

Ni konokono mkubwa wa nchi kavu, yule tunayemuona shambani na uani masika yakiingia, mwenye gamba la kahawia lenye michirizi. Kwetu watoto humgusa pembe ajifiche, basi. Kule Marekani ni haramu kuwa naye bila kibali.

Sababu wanayo. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami kutoka Hawaii na konokono watatu. Bibi yake akawatupa bustanini. Miaka saba baadaye waliokutwa walikuwa kiasi cha 18,000, na serikali ya jimbo la Florida ilitumia kiasi cha dola milioni moja na takriban miaka kumi kuwamaliza. Mwaka 2011 wakaonekana tena Miami. Mara hii walikusanywa zaidi ya 168,000, na kazi haikutangazwa kwisha hadi mwaka 2021. Mwaka uliofuata wakaonekana sehemu nyingine ya jimbo hilo, eneo likawekwa karantini, na ikawa ni kosa kutoa humo konokono, mmea au hata udongo bila ruhusa.

Konokono huyu ana viungo vya dume na jike kwa pamoja, na anaweza kutaga zaidi ya mayai 1,000 kwa mwaka. Hula mamia ya aina za mimea, na akikosa chokaa ya kujengea gamba hutafuna hata ukuta wa nyumba. Kwa upande wa afya, anaweza kubeba vimelea vya minyoo ya mapafu ya panya. Binadamu akimla mbichi, au akila mboga zisizooshwa alizopita konokono mwenye vimelea, anaweza kupata homa ya uti wa mgongo. Hilo linatuhusu na sisi pia: mchicha na saladi vioshwe kwa maji safi yanayotiririka, na mtoto aliyechezea konokono anawe mikono kwa sabuni.

Sheria ya Marekani ya kulinda mimea inatofautisha mtu na mtu. Anayekamatwa mara ya kwanza na mzigo wa namna hii bila nia ya biashara, faini yake ya kiutawala haikupangwa kuzidi dola 1,000. Kwa wengine kiwango kilichowekwa kilifika dola 50,000 kwa mtu mmoja. Bibi wa Miami hakuwa mfanyabiashara, alikuwa anasafisha nyumba. Lakini ukiweka konokono watatu upande mmoja na milioni ya dola upande wa pili, unaelewa kwa nini sheria inakuwa kali kwa kitu kinachoenea kiganjani.

Serikali ikiwa ndiyo iliyoleta

Swali linalobaki ni lile la kunguru. Aliyeleta akiwa ni serikali, nani atamshtaki?

Wafugaji wa jamii ya Ilchamus, huko Baringo nchini Kenya, walijaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 eneo lao lilipandwa mti wa mathenge kuzuia jangwa na kupata kuni. Mti ukaenea kwenye malisho, ukaziba njia za maji, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wafugaji hao walikwenda Mahakama Kuu Nairobi, wakamchukua na mbuzi kibogoyo ili waheshimiwa wajionee. Watu wengine walicheka. Lakini kesi ile iliwapa wanakijiji sauti, na baadaye mathenge ukatangazwa rasmi kuwa gugu hatari.

Funzo lake ni kwamba sheria hizi hazikutungwa kwa ajili ya kumtisha msafiri peke yake. Mwananchi naye anaweza kuzishika na kuuliza: mradi huu unaoletwa shehiani kwetu, samaki hawa wa kufuga, miti hii ya kupanda, nani amepima kama itakaa ilipowekwa?

Faini hulipwa mara moja

Ugumu wa kesi za viumbe vamizi ni kwamba adhabu hairudishi kitu. Mwizi wa baiskeli akikamatwa, baiskeli inaweza kurudi. Aliyeachia kunguru hata angefungwa maisha, kunguru wangebaki juu ya paa.

Unguja imewahi kujaribu. Miaka ya 1990 iliendeshwa kampeni ya mitego na sumu maalumu, maelfu ya kunguru wakauawa na mji ukapumua. Kazi iliposimama, waliobaki wakazaa. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya (KWS) lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja, baada ya malalamiko ya wakulima na wenye mahoteli wa pwani. Oman nako, Mamlaka ya Mazingira imekuwa na kampeni ya kuwapunguza kunguru hawa Dhofar.

Aliyefanikiwa ni aliyewahi. Kisiwa cha Sokotra, Yemen, kilivamiwa na kunguru wa India miaka ya 1990. Walikuwa bado wachache. Watoto walipewa zawadi kwa kila kinda walilolitoa kwenye kiota, hivyo idadi haikupanda, na mwaka 2009 waliobaki wakamalizwa wote. Sokotra waliziba ufa. Sisi tunajenga ukuta.

Nyumbani tufanye nini?

Kunguru akitoka jaani hutua kwenye tangi la maji, kwenye kichanja cha vyombo au juu ya meza ya muuza vitafunio. Kinyesi na miguu yake vinaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, na wafugaji wa kuku wana kila sababu ya kumwogopa wakati wa mdondo. Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji hakimu:

- Funika tangi la maji, na osha tena vyombo vilivyoanikwa nje kabla ya kupakulia.

- Usitupe utumbo wa samaki na mabaki ya chakula wazi. Jaa lililofunikwa ni kunguru waliopungua.

- Usitege sumu mwenyewe. Sumu ya panya iliyowekwa kwenye nyama inaweza kuliwa na paka, mbwa au mtoto. Kazi hiyo ni ya wataalamu.

- Vifaranga vifungiwe bandani hadi vikomae.

Kwa wanaosafiri au kupokea wageni:

- Anayekwenda ughaibuni asibebe mbegu, mche, matunda mabichi, udongo wala mnyama hai kabla ya kuuliza masharti ya nchi anayokwenda. Mwambie na bibi anayekufungia sanduku, kwa sababu mzigo ni wa aliyeubeba, hata kama hakuufunga yeye.

- Ukijazishwa fomu ya forodha, taja ulichonacho. Aliyetaja kwa kawaida hunyang'anywa kitu. Aliyeficha ndiye hutozwa faini.

- Anayerudi kutoka safari, au anayevuka kwa boti kutoka Dar es Salaam na mche wa mchungwa au mgomba, aupitishe kwa watu wa karantini. Nzi wa matunda kutoka Asia, anayetutia funza kwenye maembe, aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na kwa miaka michache akawa ameenea sehemu kubwa ya Afrika.

- Ukichoka kufuga samaki wa mapambo, kobe au ndege wa kigeni, usimmwage mtoni wala usimfungulie. Mrudishe ulikomnunua, mpe anayefuga, au uliza ofisi ya mifugo.

- Ukiona mnyama au mmea usioujua unaenea kwa kasi mtaani, mwambie sheha au afisa wa kilimo mapema. Wakiwa kumi, inawezekana kuwatoa.

Wazee walisema kunguru hafugiki. Aliyemleta Unguja alidhani anafugika, na kwamba atakula taka tu na kulala. Bili ya makosa yake inaendelea kulipwa na mama anayelinda dagaa, na mfugaji anayehesabu vifaranga kila jioni. Bili hiyo haipo katika kitabu chochote cha sheria, na haina tarehe ya mwisho.